Kibarua cha Kufa

Tangu Jumatatu nimeuawa mara kumi na moja.
Kati ya kifo cha nne na cha tano nilikula supu ya njegere
na mkate mweusi, rangi ya buluu ikinikaukia shingoni.
Mimi ni mwigizaji. Jukwaa letu hapa Tampere lilifungwa,
na chuo cha polisi hulipa kwa saa,
tena hulipa kwa wakati.

Leo mimi ni mume mlevi, chumba cha pili, mlango wazi.
Meza, kiti kilichopinduliwa, taa inayokonyeza kwa makusudi.
Ndani ya koti nina kifuko cha miwani.
Raili, mkufunzi, amenipa maagizo matatu:
piga kelele, usisikie,
kisha, ukitaka, toa miwani.
Mtihani wote umejificha kwenye hiyo "ukitaka".

Anaingia Veikka, kijana wa Kajaani,
mkanda wa kupima moyo umemkaza chini ya fulana.
Asubuhi aliniokotea glavu kwenye theluji.
Sasa hanijui.
Naona mboni zikifunguka, weusi ukila buluu ya macho.
Nafoka. Anafoka kunishinda:
Mikono! Mikono! Mikono!
kama sindano iliyonasa kwenye santuri,
na mikono ninayo, miwili, mbele yake,
ila yeye haoni miwili,
dunia nzima imemwingia kwenye bomba
na mwisho wa bomba ni koti langu.

Natoa miwani.

Baadaye atasema hakusikia mlio.
Atasema alipiga mara mbili. Alipiga tano.
Atasema nilimwendea mbio, na miguu yangu
haikutoka juu ya msalaba wa gundi
ambao Raili aliubandika sakafuni.
Hasemi uongo.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Raili hamkaripii. Anamwonyesha mstari uliopanda kama paa:
mapigo mia moja sabini na moja.
"Mwili ulifika kabla yako," anamwambia.
"Nao haujui kusoma, haujui sheria,
unajua kuishi tu. Rudi nyuma hatua moja.
Kidole kilale ubavuni mwa bastola. Toa pumzi, yote.
Hatua moja hununua sekunde mbili,
na ndani ya sekunde mbili
miwani huweza kuwa miwani."
Veikka anaitikia kwa kichwa.
Anahangaika na kizibo cha chupa ya maji, vidole vimekataa.
Namfungulia mimi, maiti wake.

Mimi hakuna aliyenifunga mkanda.
Najua ni rangi. Nimetia sahihi kwamba najua ni rangi.
Lakini goti la kushoto halikutia sahihi,
tumbo halikutia,
na saa tisa usiku moyo hunibishia hodi
kama mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu.

Tunarudia.
Taa inakonyeza, nafoka, mkono wangu unaelekea kotini,
na Veikka anarudi nyuma, bega linagusa fremu ya mlango,
kisha anauliza, kwa sauti ya mtu aliyeokota glavu:
"Una nini humo?"
Ilinipasa nitukane. Nikajibu, "Miwani."
Raili akapuliza filimbi. Nimeharibu zoezi, akasema,
na akageuka upesi, akijifanya anatafuta kalamu.

Jioni, dukani Hervanta, maziwa, viazi, betri mbili.
Msichana wa kaunta anasubiri.
Mkono wangu unaingia kotini, unasimama.
"Natoa pochi," nasema, kwa sauti, polepole,
na kiganja cha pili nimekikunjua hewani.
Ananitazama anavyotazamwa mlevi.
Nyuma yangu mtu anakohoa.
Pochi inatoka, imeshikwa kwa vidole viwili,
na hakuna aliyekuwa ameniuliza.